Mjane bado anaishi ndani: ninunue nyumba ya Katuba au nijenge Kalebuka?

Yaya, dada mkubwa, jambo.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Tunapanga Bel-Air, komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi, mwaka wa tano sasa. Mume wangu anafanya kazi mgodini Kolwezi, anarudi nyumbani akipata likizo. Mimi nauza kapenta na makayabo (samaki wa chumvi) soko la Kenya.

Mwezi uliopita mwenye nyumba alituita. Tunalipa dola 120 kwa mwezi. Anataka 160 kuanzia mwezi wa tisa, na juu yake garanti (amana) mpya ya miezi sita. Tukishindwa, tutoke. Amesema kuna watu wanaosubiri.

Kwa mshahara wa mume wangu na likelemba (mchezo wa kuchangishana pesa) ya sokoni tumefikisha dola 11,000. Tumechoka kumjengea mwingine. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, ametuonyesha sehemu mbili.

Ya kwanza ni nyumba ya zamani Katuba, vyumba vitatu na saluni (sebule), bati linavuja lakini kuta ni nzima. Umeme upo, maji ya bomba ya REGIDESO yanafika usiku. Bei ni 14,000, ila muuzaji anakubali 9,000 sasa na iliyobaki baada ya miezi sita. Anayeuza ni mtoto wa kwanza wa marehemu. Karatasi niliyoonyeshwa ni livre ya lojeri, kitabu cha zamani cha mkaaji wa nyumba, yenye jina la baba yao. Mama yao mzee bado anaishi katika chumba cha nyuma. Huyo mtoto anasema mama atahamia kwa binti yake Likasi.

Ya pili ni parsele (kiwanja) Kalebuka, mita 20 kwa 30, fondasyo (msingi) imeshajengwa, dola 6,500. Ina karatasi ya shefu wa kimila na atestasyo (cheti) ya shefu wa kartye, yaani mkuu wa mtaa. Hakuna umeme bado. Mume wangu anapenda hii, anasema tutakuwa na nafasi, hata ya bustani ya mboga. Shemeji yangu anasema tusiende porini, tuchukue Katuba.

Komisioneri anataka tutoe angalau 3,000 Jumamosi hii kwa nyumba ya Katuba, kwa sababu kuna bosi wa Kolwezi anayeitaka. Naogopa kuikosa, na naogopa kuliwa pesa. Je, bei zitashuka tukisubiri? Na hati tuandikishe kwa jina la nani? Mume wangu anasema jina lake linatosha.

Mama Gloria, Kampemba

*

Mama Gloria, mdogo wangu, jambo.

Jumamosi usitoe kitu. Nimelitanguliza hili kwa sababu barua yako inaweza kukufikia ukiwa na bahasha mkononi. Muuzaji mwenye haki ya kuuza hapati hasara yoyote ukimwomba wiki mbili za kukagua karatasi zake. Komisioneri ndiye mwenye haraka, maana yeye analipwa siku ya mauzo na hapati chochote siku ya ukaguzi. Huyo bosi wa Kolwezi anatajwa katika kila komini ya mji huu. Na kama yupo kweli, mwache anunue nyumba yenye mjane ndani.

Umeuliza mahali gani pazuri zaidi. Mimi ningeanza na swali jingine: kati ya hawa wawili, nani ana uwezo wa kukuuzia? Ukilijibu hilo, Katuba na Kalebuka zitajipanga zenyewe.

Kuhusu bei, sioni sababu ya kushuka. Tangu kanuni ya migodi ya 2002 ifungulie kampuni milango ya shaba na kobalti, mishahara ya Kolwezi na Fungurume inajenga Lubumbashi: baba anafanya kazi huko, watoto wanasoma huku. Familia yako wewe mwenyewe ni ya namna hiyo. Ndiyo sababu kila muuzaji anataja dola, na ndiyo sababu mji umemwagikia komini ya Annexe, kule Kalebuka, Kisanga, Kasungami, Kilobelobe, Luwowoshi. Huko pembeni bei inafuata barabara kuliko kitu kingine chochote. Lami ikikaribia na nguzo za umeme za SNEL zikisimama, parsele ileile inabadilika bei bila tofali hata moja kuongezwa. Katuba, Kenya na Kamalondo ni habari tofauti. Avenyu zake zilichorwa zamani, parsele mpya hazizaliwi tena, zilizopo zinarithiwa, zinagawanywa na kugombaniwa. Kwa hiyo bei isikukimbize. Miezi mitatu ya kukagua haitakufukuza sokoni, lakini sahihi moja mbaya inaweza kukufukuza kwa miaka kumi. Wako watakaokutajia Luano City au Kiswishi. Ni mitaa mipya iliyopangwa vizuri, ila kwa 11,000 hiyo si hesabu yenu ya leo.

Sasa Katuba. Nitakaa hapo kidogo, maana hatari zote ziko hapo na faida yote iko hapo.

Mtoto wa kwanza amekuambia anauza nyumba ya baba. Kwa sheria yetu ya familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, mali ya marehemu asiyeacha wosia haiendi kwa mtoto wa kwanza. Watoto wote wanarithi sawa, wa kike na wa kiume, pamoja na wale wa nje ya ndoa ambao baba aliwatambua alipokuwa hai. Kwa kawaida wao wanapata robo tatu. Robo iliyobaki ni ya mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake wa kuzaliwa. Umeona? Baba mdogo aliyeko Kamina, ambaye hujawahi kumsikia, anaweza kubisha mlango wako akiwa na haki mkononi. Mkubwa wa warithi mara nyingi ndiye anakuwa likidateri, yaani msimamizi wa mirathi, na mahakama inamthibitisha. Lakini kusimamia mali hakumpi umiliki. Hata akikuonyesha karatasi ya mahakama yenye jina lake, bado unahitaji sahihi za wenzake.

Na mama yao. Sheria hiyohiyo inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Watoto hawawezi kuiuza haki hiyo bila yeye. Wewe umesikia kwamba atahamia Likasi kutoka kinywani mwa nani? Kwa mtoto anayetaka pesa. Nenda kamsalimie huyo mama. Nenda bila komisioneri, mchukulie sukari, kaa naye, muulize kama anajua nyumba inauzwa na kama anataka kuondoka. Ukiona anashtuka, ondoka, ukatafute nyumba nyingine. Hili silisemi kwa ajili ya usalama wa pesa zako tu. Mjane aliyezeeka katika chumba kile asitolewe na familia yako, wewe mama mwenzake, kwa sababu hukujua. Na kama anasema ndiyo, nataka kwenda kwa binti yangu, basi ayaseme hayo mbele ya notere (mthibitishaji wa hati) na yaandikwe kwenye mkataba wa mauzo, na sehemu yake ahesabiwe mkononi mwake mwenyewe.

Livre ya lojeri isikukatishe tamaa, lakini isikutulize pia. Ni karatasi ya zamani ya mitaa yetu, na wazee wengi wa Katuba na Ruashi hawana nyingine. Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 inasema wazi kwamba udongo ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia. Kwa Mkongomani, haki iliyo kubwa kuliko zote ni konsesyo ya kudumu, yaani haki ya kutumia ardhi bila kikomo cha muda, na inathibitishwa na sertifika danrejistreman (hati ya usajili wa ardhi) peke yake. Lakini sheria hiyo iliwakumbuka wenye livre ya lojeri: wanaweza kutambuliwa konsesyo ya kudumu kama parsele imejengwa, kama wanaikalia kihalali, na kama iko mahali palipopimwa na kuingizwa katika kadastri, ofisi ya upimaji wa ardhi. Katuba ilipangwa na kupimwa, kwa hiyo njia ipo. Ila njia hiyo ni ya warithi kuipita, na waipite kabla ya pesa zako.

Ningeifanya hivi. Warithi wote wakutane, waandike makubaliano ya kuuza, kila mmoja asaini na kuonyesha kitambulisho chake, na walioko mbali watume prokirasyo (barua ya uwakilishi) iliyothibitishwa na notere. Likidateri apeleke karatasi za mirathi na livre ya lojeri kwa konservateri wa hati za ardhi. Mji wetu una zaidi ya mmoja, kwa hiyo muulize kwanza kama Katuba hiyo iko chini yake. Sertifika itoke kwa jina la warithi, kisha wewe ununue kutoka kwao na ipatikane sertifika mpya yenye jina lenu. Kama hawana pesa za kufanya hatua ya kwanza, unaweza kukubali kuwalipia ada za ofisi na kuzikata kwenye bei, mradi kila kiasi kiwe na nota ya malipo na kilipwe benki. Hilo naliona salama kuliko kutoa 9,000 kwa mtu mmoja. Tena hayo malipo ya vipande aliyokupa kama zawadi yanafaa kupinduliwa: kidogo mwanzoni, kikubwa siku ambayo konservateri amekubali kuhamisha jina.

Siku utakapoona sertifika yoyote, usiridhike na mhuri. Juu yake kuna namba ya volimu na folio, yaani kitabu na ukurasa. Ziandike, upeleke mwenyewe ofisini, uombe waangalie kwenye daftari lao kama inalingana, jina ni la nani, na kama kuna rehani ya benki au pingamizi la mahakama. Kisha nenda kadastri, mwombe mpimaji aje kuonyesha mawe ya mipaka. Nimesoma barua nyingi za watu wenye karatasi halali ya parsele ambayo ukuta wa jirani umeingia ndani yake mita mbili. Na ujue jambo moja linalotisha na kufariji kwa pamoja: sertifika ikishamaliza miaka miwili tangu itolewe, haiwezi tena kushambuliwa. Kama ni yako, unalala. Kama mwingine ameitoa kimyakimya juu ya parsele uliyolipia wewe ukiwa na atestasyo tu, saa inahesabu upande wake.

Hapo ndipo tunafika Kalebuka.

Mume wako hajakosea kupenda nafasi. Familia nyingi za mji huu zimejikomboa kwa njia hiyo: parsele ya pembeni, aneksi ya vyumba viwili nyuma, wanahamia, kodi inageuka kuwa matofali na nyumba kubwa inakuja taratibu mbele. Kwa 11,000 mkinunua kwa 6,500, kilichobaki kinaweza kuinua aneksi ya matofali ya kuchoma na bati, kisima kikaja baadaye. Ni mpango wa watu wenye akili, siyo wa porini kama anavyosema shemeji.

Shida ni karatasi. Shefu wa kimila anajua ardhi na historia yake, kumkosea heshima ni ujinga, na sahihi yake mara nyingi ndiyo mlango wa kuingilia. Shefu wa kartye naye anaweza kushuhudia kwamba fulani anaishi hapo. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kukupa konsesyo. Kabla ya kulipa, chukua vipimo vya parsele hiyo uende navyo kadastri, uulize mambo mawili. Je, sehemu hiyo imeshagawanywa rasmi na ina namba? Je, kuna mtu mwingine aliyeshaiandikisha, au iko ndani ya konsesyo ya shamba la zamani, la kampuni, la misheni au la barabara ijayo? Kando ya mji kuna mashamba makubwa yenye wenyewe tangu zamani. Watu wananunua vipande vyake kwa shefu kwa nia njema, wanajenga, kisha mwenye sertifika anakuja na hukumu na tingatinga. Fondasyo uliyoiona haikupi usalama wowote. Muulize muuzaji kwa nini aliishia kwenye fondasyo. Mwenye ugonjwa nyumbani au ada za shule atakueleza bila kusitasita. Anayekwepa swali ana kitu.

Jibu la kadastri likiwa zuri, usikae na karatasi ya shefu ukasema tutaona mbele. Omba kontra ya lokasyo (mkataba wa kukodi ardhi) ya Serikali kwa jina lenu. Kwa kawaida ni ya miaka mitatu, na ndani yake unatakiwa kuiendeleza parsele. Ukishajenga wanakuja kukagua, wanaandika ripoti yao, na hapo unaelekea konsesyo na sertifika. Weka ada hizo kwenye bajeti tangu sasa, pamoja na sima (saruji) na bati. Wengi wanamaliza pesa zote ukutani, na karatasi inabaki kwenye sanduku kwa miaka.

Tazama pia maji. Sasa ni kiangazi na kila parsele ya Lubumbashi inapendeza. Mvua ya Januari ndiyo inayosema ukweli. Kwa kuwa huwezi kusubiri mpaka wakati huo, angalia alama za matope kwenye kuta za majirani, uwaulize watoto wanapita wapi kwenda shule mvua ikinyesha, maana watoto hawana cha kuuza. Uliza visima vya jirani vinakauka mwezi gani. Cha kwako kikichimbwa, kiwe upande wa juu, mbali na choo chako na cha jirani pia. Bustani ya mboga naikubali. Kalebuka iko mbali na ule upande wa kaskazini-magharibi, Penga Penga na kartye ya Gécamines, ambako upepo ulimwaga kwa miaka mingi moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza 1911. Udongo wa huko umebeba risasi, kadmiamu na aseniki, na wasomaji wanaoishi huko nawasihi wasipande lengalenga (mchicha) kwa ajili ya watoto.

Ukiniuliza ningechagua ipi, ningeanza na Katuba. Umeme upo, maji yapo hata kama ni ya usiku, soko lako la Kenya liko karibu, watoto hawatabadilisha shule mbali. Lakini ningeichagua kwa sharti moja tu: warithi wote na mama yao. Ikikosekana sahihi moja, ningegeukia Kalebuka, na ikibidi ningenunua parsele ndogo yenye namba ya kadastri kuliko hii kubwa isiyo nayo. Vyote viwili vikishindikana, endelea kupanga. Mwaka mwingine wa kupanga hautawaaibisha, na pesa zenu zitakuwa bado zenu.

Na kupanga kwenyewe kuna sheria, ingawa wenye nyumba wengi wanafanya kama haipo. Sheria namba 15/025 ya Desemba 31, 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Miezi sita anayodai haina msingi, tena mlishampa garanti mlipoingia. Mjibu kwa heshima, kwa maandishi, ubaki na nakala. Akikaza, nendeni huduma ya abita, ofisi ya makazi, ya komini ya Kampemba. Mgogoro wa kodi lazima upite hapo kwa usuluhishi kabla ya kufika mahakamani. Kumtoa mpangaji kwa kubadilisha kufuli au kutupa vyombo nje hakuruhusiwi, hata kama jina la mwenye nyumba ndilo lililo kwenye sertifika. Kwenye ile nyongeza ya dola 40, mnaweza kukutana katikati. Mngenunua muda, na muda ndio mnaouhitaji sasa.

Jina. Mwambie mume wako, akiwa ametulia, siyo kwenye simu ya dakika tatu, kwamba hati iandikwe majina yenu mawili. Kama ndoa yenu imeandikishwa komini na hamkuchagua mpango mwingine wa mali, sheria inaichukulia nyumba mnayonunua ndani ya ndoa kuwa ya wote wawili. Basi kuandika majina mawili hakumpunguzii kitu. Kunaandika tu kile ambacho tayari ni kweli. Na kama hamjaandikisha ndoa, andikisheni kabla ya kununua. Nimeona akina mama waliouza makayabo miaka yote, wakachangia kila tofali, halafu siku ya matanga hawana karatasi hata moja ya kuwaonyesha shemeji zao. Yeye yuko mgodini, kazi yake ina hatari, na watoto ni wenu wote wawili. Akisoma ukurasa huu, ajue nasema naye pia: baba mwenye mke anayeweka akiba kama huyu ana kila sababu ya kumweka kwenye hati.

Anza na mama mzee wa Katuba, kisha kadastri. Kila senti utakayotoa baadaye iwe na risiti yenye tarehe, namba ya parsele, sahihi ya anayepokea na mashahidi wawili ambao hawakuletwa na komisioneri.

Yaya